Re: Taa ya upepo wa tairi haizimi, nipo Mbeya

Mkuu, kama umeshajaza upepo na taa bado inawaka, kwanza hakikisha ulipima tairi zikiwa za baridi, maana baridi ya hapa Uyole mwezi wa saba asubuhi si mchezo, joto likishuka nyuzi 10 tu tairi inapoteza kama psi 2 (psi ndo kipimo cha upepo), sasa wewe ukijaza mchana umetoka kukimbiza gari kutoka Makambako unadhani ziko sawa kumbe usiku zinashuka. Kiasi sahihi kipo kwenye stika ya mlango wa dereva, usimsikilize kijana wa kujaza upepo anayeweka 40 kila gari.

Ukishajaza, Toyota nyingi zina kibatani cha kuriseti taa chini ya usukani chenye alama ya tairi na mshangao, washa swichi, kibonyeze ukishikilie mpaka taa ikonyeze mara 3, halafu endesha kidogo ijisome. Nyingine zinaresetiwa kwenye menyu ya skrini.

Ila ikiwa taa inakonyeza kama dakika nzima ndo inatulia kuwaka, hapo sio upepo, ni sensa, yaani kile kifaa cha kwenye tairi kinachopima upepo, mara nyingi betri yake imekufa. Na cheki msumari jamani, kuriseti tairi inayovuja halafu ushuke nayo mteremko mkali wa Kitonga sikushauri.