Unamjuaje sisimizi kwamba ni spishi mpya? Ushauri kwa anayeanza

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kuingia kwenye hii kazi ni hili: ukiwa ndani ya msitu wa mvua unamjuaje sisimizi kwamba huyu hajawahi kupewa jina? Jibu ni kwamba humjui. Pale chini unaona kitu cha milimita mbili, cha kahawia, kinakimbia, basi. Upya wake utaujua baadaye sana, mezani, ukishamlinganisha na ndugu zake wote wenye majina tayari, na spishi za sisimizi zilizoshapewa majina duniani ni zaidi ya 14,000, hapo ndo watu wengi wanachoka. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja tu, kusanya ukijua kwamba kuna mtu atakuja kukaa na huyo mdudu kwenye hadubini akitafuta kila sababu ya kukataa kwamba ni mpya, na huyo mtu awe wewe wa kwanza.

Wanaoanza wengi macho yao yako juu ya miti. Kweli juu kuna utajiri, mwaka 1987 mtaalamu wa sisimizi Edward O. Wilson aliripoti spishi 43 za jenasi 26 (jenasi ni kundi la spishi za karibu) kutoka kwenye mti mmoja tu kule Tambopata, Peru, karibu sawa na sisimizi wote wa visiwa vya Uingereza na Ireland kwa pamoja. Lakini kufika huko kunataka kamba, vifaa na watu. Anza na majani yaliyooza chini, humo ndo kumejaa wale wadogo wanaojificha ambao mtu anayetembea tu hawaoni kabisa. Kifaa ninachokiamini ni mfuko wa Winkler: unakwangua majani na udongo laini wa juu kwenye mita moja ya mraba, unachekecha, kile kinachopita kwenye chekeche unakitia kwenye vifuko vya wavu, unavitundika ndani ya mfuko wa kitambaa ambao chini yake kuna kikombe cha ethanoli, afu unaacha saa 48. Majani yanavyozidi kukauka wadudu wanahangaika, wanatoka kwenye wavu, wanadondoka kikombeni wenyewe. Usichekeche mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha muda huo huo, majani yanashikana na kinachopita ni kidogo sana, bora usubiri.

Ila mfuko hauwezi kukupa kiota, na kiota ni mali. Ukivunja kijiti kilichooza ukakuta familia nzima, chukua wafanyakazi wadogo, wakubwa, malkia kama yupo, madume kama wapo, wote kwenye chupa moja yenye namba moja. Chukulia jenasi ya Pheidole, mfanyakazi mdogo na askari wake mwenye kichwa kikubwa ukiwakuta mbalimbali unaweza kuapa ni spishi mbili, na kwenye siafu ndo balaa zaidi, dume la siafu lina mabawa na tumbo refu, halifanani na mfanyakazi hata kidogo, ndo maana zamani madume yalipewa majina yao na wafanyakazi majina yao, na kazi ya kuwaoanisha mpaka leo haijaisha. Mtu aliyewakuta pamoja kiotani anamaliza ubishi huo kwa chupa moja.

Ethanoli iwe ya asilimia 95 kama unataka DNA baadaye. Na lebo, jamani, lebo. Iandike kwa penseli au wino usioyeyuka, iingie NDANI ya chupa, nchi, latitudo na longitudo, mwinuko, aina ya msitu, umemtoa wapi hasa (kijiti kilichooza, chini ya jiwe, majani), tarehe, nani kakusanya. Nimeshapokea chupa zenye sisimizi wazuri ajabu na karatasi imeandikwa "msituni" tu, inauma, maana mdudu wa hivyo hata akiwa mpya kweli huwezi kumrudia wala huwezi kusema anaishi wapi.

Sasa mezani. Unamgundisha kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu, gundi kidogo sana kati ya miguu ya kati na ya nyuma, ili uso, ubavu na kiuno vibaki wazi. Anza na kiuno: kina kinundu kimoja au viwili? Hilo peke yake linakupunguzia kundi kubwa. Halafu hesabu pingili za vipapasio, hesabu meno ya taya, pima upana wa kichwa na urefu wake. Rangi iache mwisho kabisa, inadanganya, mfanyakazi aliyetoka kuzaliwa anaweza kuwa wa njano na ndugu zake wote ni weusi. Kwenye jenasi ya Strumigenys, ambao mimi nawapenda kuliko wote, kuna spishi unazitofautisha kwa vinywele vya usoni, unakuza unakuta vingine vimetanuka nchani kama kijiko, vingine vyembamba vimejipinda, na kiunoni kuna tishu yenye vitundu vitundu ambayo wingi wake nao unahesabika kama alama. Ukimpitisha haraka haraka hivyo vyote hutaviona.

Ufunguo wa utambuzi, yaani yale maswali ya kuchagua moja baada ya jingine mpaka ufike kwenye jina, ukikufikisha mahali ambapo hakuna jibu linalomkaa, usishangilie bado. Fungua AntWeb, tovuti ya picha za sisimizi, utazame picha za vielelezo vya aina, vile ambavyo jina lenyewe limefungwa navyo, tafuta pia maelezo ya zamani hata kama ni ya Kijerumani au Kifaransa, maana sheria ya majina ya wanyama inalipa nguvu jina lililotangulia kuchapishwa. Wilson alipotoa kazi yake ya Pheidole wa bara la Amerika mwaka 2003 zilikuwa spishi 624, na 337 kati ya hizo zilikuwa mpya, ila ili azitaje kuwa mpya ilibidi kwanza azipitie zile nyingine zote. DNA inasaidia sana, hasa kuunganisha dume na mfanyakazi, lakini ukiona vinasaba vimetofautiana na mwili haujatofautiana popote, au kinyume chake, tafuta vielelezo zaidi kutoka sehemu nyingine kabla ya kuamua.

Je, mdudu mmoja anatosha? Saa ingine inabidi. Martialis heureka alipatikana 2003 karibu na Manaus, Brazil, mfanyakazi mmoja tu, mweupe, hana macho, na alipotangazwa 2008 alikuwa tofauti kiasi kwamba aliundiwa nusufamilia (ngazi iliyo juu ya jenasi) yake peke yake. Lakini kama wako anatofautiana na jirani yake kwa unywele mmoja, mmoja hatoshi, rudi msituni.

Vibali vya kukusanya na kusafirisha vielelezo vipate kabla hujaingia msituni, sio baada ya kurudi. Na siku ya kuchapisha, taja holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, ni mdudu yupi na amehifadhiwa makumbusho gani, sajili ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, kama chapisho ni la mtandaoni tu, bila hivyo jina halihesabiki. Vielelezo vingine vya kiota kile kile vigawe kwenye makumbusho zaidi ya moja, na mojawapo iwe kwenye nchi alikotoka huyo mdudu, ili mwanafunzi wa pale asilazimike kupanda ndege kwenda kumuona sisimizi wa msitu wake.