Mbwa mwitu hatoki jaani

Swali: Mwalimu, nimesoma taarifa yenye kichwa "Mbwa mwitu wavamia mtaa". Wanangu wanabishana: je, wingi wake si "mbwa miitu"? (Msomaji, Kasarani)

Jibu: La. "Mwitu" ni msitu, na likisimama peke yake wingi ni "miitu". Hapa limetokana na "mbwa wa mwitu", "wa" ikadondoka, na neno halibadiliki: paka mwitu wawili, nguruwe mwitu kumi. Watoto wanywe chai wakalale.

Kilichonikera ni hicho kichwa cha habari. Taarifa yenyewe nimeisoma hadi mwisho. Hao "mbwa mwitu" walitoka jaa la taka nyuma ya kibanda cha nyama choma, mmoja wao na kamba shingoni! Ndugu mhariri, hao ni mbwa koko. Punda akikata kamba ya mkokoteni pale Gikomba akatokomea Barabara ya Jogoo, hageuki punda milia. Alale nje mwezi mzima, milia haimwoti. Afike hata Athi River akale nyasi bega kwa bega na punda milia wenyewe, jioni bado ni punda, na mwenye mkokoteni bado anamtafuta.

Mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, wa mbwa wa nyumbani vitano, na wawili hao hawazaani. Mabaka yake hayafanani na ya mwenzake yeyote. Mwaka 1820 mtaalamu wa wanyama Temminck alimdhania fisi, lakini huyo namsamehe, alikuwa Uholanzi. Windo likianguka, wakubwa huwaachia watoto wale kwanza. Jaani adabu hiyo umeiona wapi? Na licha ya jina, mwitu mnene si kwake. Kwake ni mbuga za nyasi na vichaka, kama kule Laikipia, ambako mwaka 2017 ugonjwa wa distempa uliwaua wengi mno.

Wafasiri wa Biblia nao walimbebesha manabii wa uongo waliovaa ngozi ya kondoo, ilhali aliyekusudiwa ni jamaa yake wa Mashariki ya Kati, yule Waingereza humwita "wolf", ambaye huku hatukuwa na jina lake. Hilo nimelizoea.

Mtaani kwetu mbwa koko wako sita. Mlinzi wa langoni huwaita mbwa mwitu, nami sijamsahihisha. Yeye ndiye anayepishana nao saa tisa usiku.