Kutuma kuku waliogandishwa Singida hadi Dar kwa basi, makosa niliyofanya na ninavyofanya sasa

Naulizwa sana kuku wangu wa kienyeji wanafikaje Dar wakiwa bado jiwe wakati kutoka Singida ni karibu kilomita 700 na basi linatembea kutwa nzima juani. Ntasema, ila nianze na aibu yangu.

Mzigo wangu wa tatu hivi, kuku 20, nilichinja jioni nikawashindilia wote kwenye friza kwa mkupuo, saa kumi alfajiri nikawagusa wagumu, nikapanga kwenye deli (lile boksi la kutunza baridi) nikamwaga barafu juu, huyo stendi. Saa nane mchana kondakta anapiga, "Dada mzigo wako unavuja, umenilowesha magunia ya watu ya vitunguu huku!" Nilitamani ardhi ipasuke. Mteja kufungua pale stendi ya Mbezi, Dar, maji mekundu tele na kuku laini kabisa. Nikamwambia tupa wote, nikarudisha hela yake yote, na vitunguu nikalipa.

Kumbe kosa halikuwa la barafu. Barafu ya kwenye deli haigandishi kuku, inamchelewesha tu asiyeyuke, sasa wangu walikuwa wameganda ngozi tu, ndani ya paja bado wabichi kabisa, maana friza ya nyumbani ukiijaza kuku wamoto hewa ya baridi haina pa kupita. Siku hizi nawapoza kwenye maji ya barafu, nawachuja, nawatandaza wachache wachache, na hatoki kuku kabla ya siku mbili. Kipimo changu ni shazia ile ya kushonea magunia, nachoma kwenye maungio ya paja, ikipenya tu anarudi ndani hata kama mteja analia. Friza yenyewe isome nyuzi 18 chini ya sifuri, nunua kipimajoto, usikisie.

Kufunga: kila kuku na mfuko wake mzito wa kufungashia chakula (sio rambo jamani, zimepigwa marufuku tangu Juni 2019). Deli natandika nailoni, kuku wanabanana, alafu chupa za maji zilizoganda pembeni na juu, juu ndio usisahau kwa sababu baridi inashuka chini. Chupa zikiyeyuka maji yanabaki humo humo, hakuna kulowesha vitunguu vya mtu. Nafasi inayobaki nashindilia magazeti, kifuniko nazungushia tepu. Na deli la samaki libaki la samaki.

Kuna wanaonishauri barafu kavu. Ni kali kweli, nyuzi 78 chini ya sifuri, lakini yenyewe haiwi maji, inageuka gesi ya kabonidayoksaidi, ukiifungia kwenye deli lililozibwa na tepu linaweza kupasuka, na kwenye gari lililofungwa vioo inakukosesha pumzi. Kwa basi la abiria mi siigusi.

Kondakta mpe chake mkononi na umwonyeshe deli likae wapi: mbali na injini, juu ya mizigo mingine, lisilaliwe na gunia la mtu. Mabasi mengi injini iko nyuma kwa hiyo buti la nyuma kabisa ni jiko.

Halafu kuna Mbezi sasa. Mzigo umevumilia kutwa nzima unakuja kufia stendi kwa sababu mteja "yuko njiani" saa mbili nzima. Mimi nampigia basi likiwa Kibaha, kama hajatoka natuma boda wangu, na boda hana ruhusa ya kufungua deli kuhesabu. Mteja naye nampa maelekezo kabla: ukikuta kuku bado ana barafu barafu ndani, rudisha friza hakuna shida. Kalainika lakini ni wa baridi kabisa, chini ya nyuzi 5, pika leo leo. Ana uvuguvugu, tupa na unipigie, usinuse nuse, bakteria wa kukulaza kitandani wanaweza kuwemo na harufu isiwepo.

Yule kondakta bado nasafirisha naye. Ila kila nikifika stendi anainamisha deli kwanza aone kama linadondosha, ndipo anaandika risiti.