Matriki zangu hazijumliki, zinaungana tu

SWALI: Kaka, niko Kirumba hapa Mwanza, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Nina matriki mbili, yaani majedwali ya namba, za kilo za samaki, A ya mwaloni na B ya sokoni, mistari ni siku mbili, safu ni sato na sangara. Nikiandika A + B napata mistari minne, shida nini?

JIBU: Mdogo wangu, kwenye orodha za Python alama ya + inaunganisha tu, haijumlishi. Tengeneza matriki mpya C ya jibu, weka lupu mbili (amri za kurudia), moja ndani ya nyingine, i ikiwa namba ya mstari na j namba ya safu, uandike C[i][j] = A[i][j] + B[i][j], yaani sato wa Jumatatu mwaloni na sato wa Jumatatu sokoni, sio sangara. Ila C usiitengeneze kwa [[0]*2]*2, mistari yote inakuwa mmoja, ukigusa huu na ule unabadilika, hiyo ilinikesha usiku mzima, kila mstari upe orodha yake mpya.