Mkopo wa halmashauri kwa watu wenye ulemavu sio hela ya bure

Pole dada, hayo maneno ya majirani kwamba mdogo wako anajifanya mlemavu ili ale hela za serikali yanauma kweli. Ila hela aliyopewa ni mkopo usio na riba, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na anarejesha kama wengine. Halafu kutembea bila magongo siku moja haimaanishi kapona, kuna siku mwili unakubali na kuna siku unagoma, sasa mtu kamuona soko la samaki la Mwaloni kashika ndoo ya dagaa basi anatangaza mtaa mzima! Inaniudhi sana. Asijifiche, biashara aendelee nayo, risiti za marejesho atunze zote, wakizidi nenda naye kwa mtendaji wa mtaa.