Valvu au transista? Kwanza niambie umeme wako

Barua za mwezi huu kuhusu ampu (amplifaya za gitaa) karibu zote ni za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti mahali pa transista (wengine mnaziita tyubu, ni kitu kilekile). Mlioandika "ampu yangu imekufa, tatizo ni nini?" bila kutaja aina, wati, wala ilikuwa inafanya nini ilipokufa, andikeni upya. Waliobaki, tuendelee.

Ipi bora, ampu ya valvu au ya transista? (Wasomaji wengi, kama kawaida)

Bora kwa muziki gani, kwa umeme gani, na itabebwa na mgongo wa nani? Lori na boda, kipi bora? Majibu ya chini yatakusaidia kuliko jibu moja la hapa. Ila wale wanaosema mpiga gitaa wa kweli hagusi transista, wamkumbuke B.B. King. Kwa miaka mingi alipiga kupitia Lab Series L5, ampu ya wati 100 yenye spika 2 za inchi 12, na ndani yake hamna valvu hata moja.

Kaka yangu ameniletea ampu ya Fender ya valvu kutoka Marekani, ya miaka ya 1970. Fundi anasema nibadilishe plagi tu. Ni kweli? (Ntinda, Kampala)

Si kweli, na huyo fundi usimpe ampu nyingine yoyote. Soma maandishi ya nyuma ya ampu. Yakisema volti 117 au 120 na hezi 60, ukiichomeka kwenye volti 240 zetu fyuzi itakatika mara moja, ukiwa na bahati. Kama mtu aliwahi kuweka fyuzi kubwa au kipande cha waya mahali pake, itakayoungua ni transfoma yenyewe, na kuipata ya namna hiyo hapa ni shida.

Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile nzito ya shaba na chuma. Kale kakopo kepesi ka plastiki ka kutumia na pasi au kikausha nywele hakashushi volti, kanakatakata wimbi tu, na ampu italia "mmmm" kisha ipate moto. Kwa ampu ya wati 22 chukua transfoma ya VA 200 (VA ni volti mara ampea, ndicho kipimo cha transfoma). Kwa ya wati 85 chukua VA 500. Ukipata yenye njia ya volti 110 na ya volti 120, tumia ya 110. Sababu ni hizi hezi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 tu, ukiipa hezi 50, chuma chake hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20 na hupata joto. Volti 110 zinapunguza huo mzigo. Hita za valvu (nyaya za ndani zinazoipasha moto) zitashuka kutoka volti 6.3 hadi kama 5.8, na hilo valvu zinalivumilia, maana mpaka wake ni asilimia 10 juu au chini.

Sasa yale ambayo hukuuliza. Ampu ya umri huo, kama haijafunguliwa tangu itengenezwe, kapasita zake kubwa zimekauka. Zote za chujio (zinazolainisha umeme wa ndani) zibadilishwe pamoja, na ile ndogo ya bayasi (volti hasi inayozituliza valvu) usiisahau, kwa kuwa ikifa valvu za mwisho, zile kubwa zinazosukuma spika, zinakosa volti hasi na zinaanza kujichoma. Usiiwashe moja kwa moja "nione kama inalia". Funga balbu ya waya ya wati 100 (si LED) mfululizo kwenye njia ya volti 240, kabla ya transfoma ya kushusha. Toa valvu zote, washa. Balbu iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Ikififia vizuri, zima, rudisha valvu, unganisha spika, washa tena. Safari hii balbu itabaki na mwanga wa wastani na hilo ni sawa.

Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi na uondoe chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 22 ya wati 5, upande mmoja kwenye chanya ya kapasita na mwingine kwenye bodi ya chuma. Shikilia sekunde 15, kisha pima kwa mita. Humo ndani hukaa volti 400 hadi 500, na zinaweza kubaki muda mrefu baada ya kuchomoa. Kama hujawahi kufanya kazi hii, leo si siku ya kujifunza; tafuta fundi aliyezoea redio za valvu za zamani, Katwe bado utampata mzee wa namna hiyo.

Kanisani tunataka ampu ya valvu ya wati 100 ili gitaa lisizidiwe na kwaya. (Gulu)

Wati 100 zikilinganishwa na wati 50 ni tofauti ya desibeli 3, nusu ya waumini hawataisikia. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama mara kumi ya wati. Angalia spika: yenye unyeti wa desibeli 100 badala ya 97 inakupa kilekile ambacho ungepata kwa kuongeza wati mara mbili, bila kununua ampu nyingine. Tena valvu hutoa sauti yake tamu ikisukumwa. Ya wati 100 hamtaweza kuisukuma bila mchungaji kusimamisha ibada. Nunueni ya wati 15 hadi 22, wekeni maikrofoni sentimita 2 au 3 kutoka kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati, miksa ifanye kazi iliyobaki.

Nikigusa maikrofoni kwa mdomo huku nimeshika gitaa napigwa shoti. Ni kwa sababu ampu ni ya transista? (Mbale)

Hapana. Ni kwa sababu mtu amekata waya wa athi, ule wa usalama unaokwenda ardhini.

Swali hili linarudi kila mara na kila mara nalijibu kwa ukali, kwa kuwa watu hufa kwa njia hii. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya chuma ya ampu. Maikrofoni imeunganishwa na miksa. Athi ya upande mmoja ikikosekana, kunaweza kuwa na volti nyingi kati ya hivyo viwili, na daraja la kuviunganisha ni midomo yako na vidole vyako. Kuna wanaokata athi makusudi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo una dawa zake: chomeka ampu na miksa kwenye soketi za ukuta mmoja, au weka kisanduku cha transfoma kwenye waya wa kwenda miksa. Athi haiguswi.

Fungua plagi. Kahawia kwenye pini yenye fyuzi, buluu upande wa pili, kijani na njano juu. Plagi nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13, ya kupasia nguo. Kwa ampu weka ampea 3. Kisha pima soketi yenyewe, maana nyumba nyingi za kupanga zina tundu la athi lisilokwenda popote. Kati ya waya moto na athi mita isome karibu na 240. Ikisoma namba inayoyumba, huna athi, mwite fundi umeme. Na kama ampu ni ya zamani yenye waya wa nyuzi mbili na swichi ndogo nyuma iliyoandikwa "ground", ndani kuna kapasita inayounganisha umeme wa ukutani na bodi. Itolewe, waya wa nyuzi tatu uwekwe, athi ifungwe kwenye bodi kwa bolti yake peke yake.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Wakati mwingine tunatumia sola na inveta. Ninunue ipi? (Arua)

Transista, bila kufikiri sana.

Ukitaka kujua kwa nini: volti 240 zikishuka hadi 200, hita za valvu zinapata volti 5.25. Sauti inakuwa ya uji, na kupiga hivyo kila siku kunazila valvu. Zikipanda hadi 265, hita zinavuka mpaka wa juu, na ile volti 450 ya ndani inakaribia 500, mahali ambapo kapasita za bei nafuu hazikuandaliwa kufika. Ampu nyingi za transista zina kidhibiti kinachoshikilia sehemu ya mwanzo kwenye volti 15 chanya na hasi. Ukutani pakishuka unapoteza wati chache tu, sauti inabaki ileile. Pia ikiwa imetulia inakula umeme kidogo, wakati valvu inakula karibu uleule ukipiga au ukiwa unakunywa chai. Kwenye betri ya sola hilo utaliona kabla ya saa tatu usiku.

Inveta iwe ya wimbi laini. Za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi na ampu yoyote italia kama nyuki. Jenereta ndogo za petroli iliyochanganywa na oili zisije karibu na ampu ya valvu. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi kabla haujarudi, kwa sababu unaporudi huja na msukumo, na transista huogopa msukumo huo kuliko valvu. Kinga inayochelewesha umeme kwa dakika mbili tatu, ile ile ya friji, inatosha.

Niliwasha ampu ya valvu bila spika, nikapiga gitaa dakika tano nikishangaa mbona kimya. (Jinja)

Transista ingekusamehe. Valvu huenda isikusamehe: nguvu isipopata spika hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti, volti zinapanda mno na kuruka kama radi ndogo. Kama valvu zako za mwisho ni EL34 (aina mojawapo ya valvu kubwa), angalia soketi zake kati ya pini 2 na pini 3. Ukiona mstari mweusi kama wa penseli, badilisha soketi, kusafisha hakutoshi. Kisha, ampu ikiwa imezimwa na kuondolewa chaji, pima omu za transfoma kutoka katikati hadi kila upande. Pande mbili zikikaribiana, huenda umepona. Upande mmoja ukiwa haupitishi, transfoma imekufa.

Ampu ya transista imeandikwa omu 8. Naweza kuongeza spika nyingine ya omu 8? (Masaka)

Sambamba ni omu 4, utaichoma. Mfululizo ni omu 16, salama, sauti itapungua kidogo. Na tumia waya wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba.

Valvu moja ya EL34 inakuwa nyekundu kama mkaa. Ndiyo uzuri wenyewe wa valvu? (Entebbe)

Ule mwanga mdogo wa rangi ya chungwa katikati ndio uzuri. Bati la nje likiwa jekundu, hiyo ni ampu inayoungua. Zima sasa, soma baadaye.

Badilishana nafasi valvu mbili. Wekundu ukiifuata valvu, valvu ni mbovu, nunua jozi. Ukibaki kwenye soketi ileile, toa valvu za mwisho na upime pini 5: kwa ampu nyingi za EL34 panatakiwa pawe na volti hasi, kati ya 35 na 45 hivi. Pakiwa na sifuri, bayasi imepotea. Pakiwa upande mmoja hasi kidogo kuliko mwingine, kapasita ya kupitishia sauti inavuja. Ukishatengeneza, weka bayasi upya. EL34 ni ya wati 25. Chukua asilimia 70, yaani 17.5, ugawe kwa volti za bati. Kwa volti 450 unapata kama miliampea 39. Fundi akikuambia anaweka bayasi kwa sikio, chukua ampu yako.

Transista yangu inakwaruza vibaya nikiongeza geini. Nauza ninunue valvu? Napiga lingala. (Kawempe)

Lingala! Gitaa la lingala linataka sauti safi, kali, yenye nafasi, na hapo transista ndiyo mwenye nyumba. Roland JC-120 ipo tangu 1975, wati 60 mara mbili, spika 2 za inchi 12, na watu bado wanaitafuta kwa usafi huo. Shusha geini (kitufe cha nguvu ya kuingilia), pandisha masta (kitufe cha sauti ya kutokea).

Ukwaruzaji unatokana na transista kukata kilele cha wimbi ghafla, kama panga, wakati valvu hulibana polepole. Lakini nusu ya kinachoitwa "joto la valvu" kiko kwenye spika: ampu ya valvu haiishiki spika kwa nguvu, kwa hiyo spika inavimba kwenye besi yake na kung'aa juu. Ampu za transista zilizobuniwa vizuri huiga tabia hiyo. Ya kwako huenda ina spika mbovu tu. Jaribu spika nyingine kwanza.

Nabeba ampu kwa boda. Transista si nyepesi zaidi? (Kireka)

JC-120 ni kilo 28, Fender Twin Reverb ni kama kilo 29. Mwulize mwenye boda. Ikiwa ni ya valvu, iache ipoe dakika 10 kabla ya kuipakia, na ukifika gusa kila valvu uone kama haijalegea.

Nikinunua valvu iliyotumika nitajuaje kama ni nzima? (Mbarara)

Madoa ya fedha au meusi juu ya kioo ni kawaida. Pakiwa peupe kama maziwa, hewa imeingia, itupe. ECC83 na 12AX7, majina ya valvu ndogo za mwanzo, ni kitu kimoja, msilipie mara mbili. EL34 na 6L6, valvu kubwa za mwisho, si kitu kimoja, hata zikiingia kwenye soketi ileile. Iwashe, igonge taratibu kwa penseli. Ikilia kama kengele kwenye spika, muuzaji abaki nayo. Mpya zinatoka Slovakia, Urusi na China, na zinafaa. Zinazouzwa hapa kwa jina la "za zamani, hazijatumika", mara nyingi ni kisanduku tu ndicho cha zamani.

Radi zikianza nizime ampu? (Tororo)

Chomoa. Swichi ina nafasi ya milimita chache tu, na radi imetoka mawinguni. Chomoa na waya unaokwenda kwenye miksa.