Taa ya puja (ibada ya Kihindu) nyumbani: majibu ya maswali yenu

Swali: Nimenunua taa ndefu ya shaba yenye vinywa vitano. Niwashe tambi ngapi ili pesa ziingie?

Jibu: Siku za kawaida utambi mmoja watosha, sikukuu washa zote tano. Habari ya pesa iache. Taa hiyo, Watamil, watu wa kusini mwa India, huiita kuthuvilakku, ndiyo yenyewe inayoabudiwa, maana humwona Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, ndani yake. Ndiyo sababu Ijumaa, hasa za mwezi wa Aadi (katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti), wanawake huketi mbele ya taa zao na kutaja majina 108 ya Lakshmi, kila jina na chembe ya kumkumu, unga mwekundu wa ibada. Kila mara naulizwa idadi ya tambi. Jinsi ya kuosha taa haniulizi mtu, na kuosha ni nusu ya ibada. Alhamisi jioni loweka ukwaju, sugua shaba mpaka masizi yatoke, suuza, kausha, kisha ipake manjano na kumkumu, uivike maua. Isikae sakafuni patupu: iweke kwenye sinia, juu ya mchele. Taa iliyoganda mafuta ya mwezi jana usiiwashe kabisa.

Swali: Itazame upande gani?

Jibu: Mashariki au kaskazini.

Swali: Naweza kutumia mafuta ya taa?

Jibu: Hapana! Moshi, harufu na hatari ya moto. Tumia samli ya ng'ombe au mafuta ya ufuta. Hata chupa zinazouzwa kwa jina la mafuta ya puja, soma lebo: nyingi zimeandikwa si ya kuliwa. Usichoweza kumpa mwanao mezani, usimpe Mungu.

Swali: Nizime kwa kupuliza?

Jibu: Hapana, moto wa ibada hauguswi na pumzi ya mdomo. Sukuma utambi uzame kwenye mafuta, au ufunike kwa ua.

Swali: Jirani yangu Mhindi hawashi taa. Ameacha dini?

Jibu: Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mtu wa dini. Jirani yako huenda ni Mwislamu, Mkristo au Singasinga.

Swali: Mama ni mgonjwa, yuko kitandani. Taa ya umeme inafaa?

Jibu: Kwake inafaa, na asione haya. Wewe mzima washa moto halisi mapambazuko na magharibi, dakika chache tu, ukiwa umeketi hapo hapo. Funga mtandio wa nailoni kiunoni, sogeza pazia, na usilale taa ikiwaka.